Viti vya Kuazima

Viti vyangu vya plastiki vina doa la rangi nyekundu kwa chini, upande usioonekana mtu akikaa. Vya jirani yangu wa kushoto vina doa la bluu, na vya nyumba ya kona vimechorwa msalaba kwa msumari wa moto. Hapa Nakwa kila nyumba ina alama yake kwa sababu viti vyetu havikai nyumbani. Vinakwenda msibani, vinakwenda kwenye kipaimara, vinakwenda kwenye vikao vya harusi, na shughuli ikiisha watu wanavigeuza kimoja kimoja, kila mtu anabeba vyake. Sijawahi kupoteza kiti hata kimoja. Nilikuwa najivunia jambo hilo, na mgeni akiniuliza watu wa mtaa wetu wakoje, nilianza na habari ya viti.

Siku hizi sianzi nayo.

Nina duka dogo la steshenari mjini Babati, karibu na maofisi. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, nawajazia watu fomu. Wazee wananiletea fomu za mirathi, vijana wananiletea vyeti vilivyochakaa kwa kutolewa kopi, na mimi nawagombeza wote kwa sababu hawasomi kilichoandikwa. Ulimi wangu ni mkali, najijua. Kwa hiyo katika mtaa mzima mimi ndiye mtu ambaye hawezi kusema hakujua fomu ni kitu gani. Naliandika hili mapema ili msomaji asianze kunionea huruma.

Nyumba ya pili kutoka kwangu anaishi bibi mmoja. Si bibi yangu wa damu. Nilipohamia Nakwa na mtoto mchanga mgongoni, bila mume wa kueleweka, yeye ndiye aliyekuwa akija asubuhi kuniogeshea mtoto na kunisongea ugali wa moto, na hakuniuliza hata siku moja baba wa mtoto yuko wapi. Watoto wangu wanamwita Bibi, nami nikafuata. Alikuwa akimlea mjukuu wake, mtoto wa binti yake aliyefariki. Msichana huyo alikuwa darasa la sita, mrefu, mwenye maneno mengi, na akija dukani kwangu Jumamosi alisoma kwa sauti kila karatasi iliyokuwa mezani, hata zile zisizomhusu. Mara ngapi nilimwambia aache umbea. Alikuwa anacheka tu.

Alikuwa na kifafa tangu akiwa mdogo. Akimeza vidonge vyake asubuhi na jioni alikuwa mtoto kama watoto wengine, anacheza rede, anabeba ndoo, anapigana. Akivikosa siku chache, anaanguka. Zahanati mara nyingi haikuwa navyo, vikawa vinanunuliwa duka la dawa. Bibi hakuwa na shamba la maana, ila kipande cha mahindi na maharage nyuma ya nyumba, na magoti yalikuwa yameshamkataa kulima vibarua. Kilichonunua vile vidonge ni msaada wa serikali kwa kaya maskini, ambao jina la Bibi lilikuwa kwenye orodha yake kwa miaka kadhaa. Siku ya msaada alipitia duka la dawa kwanza. Chumvi, sabuni, mafuta, vyote vilisubiri. Aliniambia zaidi ya mara moja kwamba yeye hana tatizo la kulala njaa, ana tatizo la mtoto kukosa dawa.

Basi mwenyekiti wa mtaa akapita nyumba hadi nyumba. Alisema Alhamisi wangekuja wageni kutoka wilayani kuhakiki kaya zilizo kwenye orodha, kuona kama bado zinastahili. Kisha akaongeza maneno ambayo nina hakika aliyasema kwa nia njema.

"Muwapokee vizuri, jamani. Mtaa usije ukaaibika."

Siku hiyohiyo Bibi akaja kwangu. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia, kama anavyofanya siku zote akiwa na shida.

"Mwanangu, naomba chupa yako ya chai," akasema. "Nina wageni Alhamisi."

Nikampa. Ningeishia hapo, labda leo nisingekuwa naandika haya. Lakini mimi nikishika jambo nalishika hadi mwisho. Nilimtazama akiondoka na ile chupa ameikumbatia, nikafikiria wale watu wakifika na kukuta chumba chenye kigoda kimoja na gunia la pumba, roho ikaniuma. Jumatano sikufungua duka mchana. Nilipita kwa akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa, mmoja mmoja, na kila niliyemwambia alikubali kabla sijamaliza. Huyu akatoa kochi la watu wawili, waume wakalibeba kichwani. Yule akatoa zulia la plastiki, likafunika sakafu ya udongo yote. Jirani wa bluu akaleta viti vinne, mimi vyangu viwili, nyumba ya kona redio. Pazia la jumuiya, lile la kutandaza nyuma ya altare tukisali nyumbani kwa mtu, tulilitundika pale ukuta ulipokuwa na ufa. Godoro lilitoka kwangu, na shuka mpya ambayo nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya wageni wangu mwenyewe.

Mjukuu alikuwa akikimbia huku na huku akishangilia. Alikaa kwenye kochi, akasimama, akakaa tena.

"Bibi, tukae hivi hivi hata wakiondoka," akasema.

"Si vyetu, usizoee," Bibi akamjibu, lakini na yeye alikuwa anatabasamu.

Nawaapia, tulikuwa na furaha. Tulisimama mlangoni wanawake sita, tukakitazama chumba, na hakuna hata mmoja aliyesema kwamba watu wanaokuja kupima umaskini wasiandaliwe hivi. Kwetu mgeni ni mgeni. Hakuna anayepokea mgeni ili aonekane hana. Hata sasa nikijaribu kuwaza ningemwambiaje Bibi afiche chupa ya chai na kumkalisha mgeni chini, sipati maneno.

Alhamisi alikuja kijana mmoja na kishikwambi mkononi. Nilimtambua: mimi ndiye niliyemchapia barua ya kuomba ile kazi. Alikuwa na digrii yake na miaka mingi ya kukaa nyumbani, na ile kazi ya wiki chache ilikuwa ya kwanza kuipata. Alivua viatu mlangoni kwa ajili ya lile zulia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Karibu, kaa hapa kwenye kochi."

Mimi nilikuwa pale kumsaidia Bibi kuhudumia. Nilimmiminia kijana chai ya maziwa, nikamwekea maandazi. Akaanza kuuliza na kubonyeza. Je, kaya ina kochi? Alikuwa amelikalia. Redio ilikuwa inaimba kwaya. Godoro lilionekana kupitia mlango wa pili. Mbuzi wawili wa jirani, ambao hufungwa pale kila siku kwa sababu kuna majani, nao akawahesabu kupitia dirishani. Hakuuliza vitu hivyo ni vya nani. Aliuliza kama vipo.

"Mnakula mara ngapi kwa siku, Bibi?"

"Tunamshukuru Mungu, tunakula."

"Mara mbili? Mara tatu?"

"Tunakula, baba. Kunywa chai, inapoa."

Akabonyeza. Nilimwona akibonyeza tatu, nikanyamaza. Mtu ameshika kikombe chako mkononi, unamwambiaje kwamba usiku wa jana ulilala na uji? Bibi asingeweza. Mimi ningeweza, nina mdomo wa kutosha, lakini ningemwambia mbele ya Bibi, ndani ya nyumba yake. Halafu nitakuwa mkweli zaidi: wakati ule sikuona hata kama kuna jambo la kusema. Nilikuwa naangalia kama maandazi yanatosha.

Mwishoni akaomba picha. Bibi akakaa kwenye kochi, akanyoosha kitenge, mjukuu akasimama nyuma yake. Kijana alipoondoka Bibi alinishika mikono yote miwili.

"Mungu akubariki, mwanangu. Wameona sisi ni watu."

Mkutano uliitishwa baada ya majuma kadhaa, asubuhi, kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Nilifunga duka nikaenda na Bibi. Tulikaa mbele kwa sababu masikio yake hayakuwa mazuri. Mama mmoja aliyetoka wilayani, mwenye sauti nzuri ya kipaza sauti, akasema kwanza atasoma kaya ambazo zimepiga hatua na kuhitimu kutoka kwenye umaskini, na kila atakayetajwa asimame tumpigie makofi ili awe mfano kwa wengine.

Jina la Bibi lilikuwa la nne.

Alisimama. Alidhani anapewa kitu. Alinitazama kuuliza, na watu wakapiga makofi. Walewale waliobeba kochi walipiga makofi. Na mimi nilipiga, mara mbili au tatu, kabla akili haijanifikia. Mikono yangu ilikuwa bado hewani nilipoelewa ni nini tulichokifanya Jumatano ile.

Yule mama akauliza kama kuna mwenye pingamizi asimame aeleze. Nikainuka. Nilikuwa nimeshaondoa makalio kwenye benchi pale Bibi aliponidaka kanga yangu. Na yeye alikuwa ameshaelewa. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Kaa chini," akasema taratibu.

"Bibi, vidonge je?"

"Kaa, mwanangu. Usinivue nguo mbele za watu."

Ili kumrudisha kwenye orodha ilibidi nisimame mbele ya mtaa wote, wapangaji na watoto wa shule na wauza karanga, niseme kwamba mwanamke huyu hana kiti, hana godoro, anakula mara moja, na kwamba kila kitu mlichokiona ni cha kuazima. Yeye angekuwa amekaa pale pale pembeni yangu akinisikiliza. Nikakaa. Nimewagombeza watu wazima dukani kwangu kwa sababu ya koma iliyosahaulika, lakini siku ile nilikaa chini.

Nilijaribu kwa mlango wa nyuma. Nilichapa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuchapa, nikaipeleka ofisi husika bila kumwambia Bibi. Ofisa aliisoma yote, hilo nampa. Akasema pingamizi hupokelewa mkutanoni, na mkutano umeshapita, na mfumo umeshafungwa. Kisha akanigeuzia kompyuta yake. Ilikuwa ile picha. Bibi kwenye kochi, pazia la jumuiya nyuma, redio, mjukuu anacheka. Pembeni kulikuwa na mkono ulioshika chupa ya chai. Ulikuwa mkono wangu.

"Mama, huyu ndiye unayesema hana kitu?"

"Vile vitu ni vyetu sisi majirani. Hata hicho kitambaa ni cha kanisa."

Akaigeuza kompyuta imwelekee yeye tena.

"Kwa hiyo mliidanganya serikali?"

Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua aandike nini. Nikawaza duka langu, lililo hatua chache kutoka pale, na leseni yangu, na watoto wangu. Nikasema hapana, nilikuwa naeleza tu. Nikachukua barua yangu nikaondoka. Njiani niliichana, kisha nikaona aibu kutupa karatasi barabarani, nikavitia vipande kwenye pochi.

Vidonge nilinunua mimi mwezi wa kwanza baada ya msaada kukatwa. Na wa pili. Bibi alivipokea kwa mikono miwili na kunipa mahindi mabichi, na nilijua jinsi ilivyomuuma kuvipokea. Mwezi wa tatu shule zilifunguliwa, mashine yangu ya kopi ikaharibika, nikawa nawaza mambo yangu. Sikusahau. Ningependa kusema nilisahau. Kila asubuhi nilipita nje ya mlango wake nikijiambia kesho, na yeye alinijibu shikamoo yangu na kuniuliza watoto wameamkaje. Hakuomba. Mwanamke aliyeweza kuja kuniomba chupa ya chai kwa ajili ya wageni hakuweza kuja kuniomba dawa kwa ajili ya mjukuu wake.

Baadaye ndipo nilipojua Bibi alikuwa akivikata vidonge vilivyobaki. Alivikata kwa kisu cha jikoni, nusu asubuhi, nusu jioni, kisha nusu moja tu kwa siku, ili vifike mbali. Mjukuu mwenyewe ndiye aliyeniambia, Jumamosi moja dukani, huku akisoma tangazo la mnada lililokuwa mezani.

"Bibi anasema nimekua, siku hizi nusu inanitosha," akasema.

Nilimwambia nitampitia Bibi Jumatatu tuongee. Niliyasema hayo nikiwa naangalia kwenye skrini, nikimchapia mtu wasifu wake.

Jumapili baada ya kanisa mjukuu alikwenda kuchuma mchicha kwenye bustani za chini. Kuna mfereji pale ambao hata mtoto wa chekechea anauvuka bila kukunja sketi, maji yake hayafiki magotini. Mwanamke aliyekuwa akimwagilia upande wa pili alimwona akiinama, kisha hakumwona. Akadhani amekaa. Alipokwenda kumwangalia, msichana alikuwa amelala kifudifudi ndani ya mfereji, na mchicha umefungwa vizuri pembeni kwa kamba ya mgomba.

Sitaeleza siku zile. Nitasema tu kwamba habari ilipofika, kabla hata mwili haujaletwa kutoka hospitali, watu walianza kufika kwa Bibi na vitu. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba safari hii, hatuhitaji kuambiwa. Viti vya bluu, viti vya msalaba, vyangu vya doa jekundu. Kochi likabebwa tena kichwani na wanaume walewale ili wazee wapate pa kukaa. Zulia. Godoro langu. Chupa yangu ya chai. Pazia la jumuiya likatundikwa pale pale kwenye ufa, misumari ya mara ya kwanza ilikuwa bado ipo. Nilipoingia na kukiona chumba, nilitoka nje nikaenda kuchochea moto nyuma ya nyumba.

Mwenyekiti alikuja, akasema maneno ya faraja. Alisema mtaa wetu una ushirikiano mkubwa, na kwamba kila mtu ajionee mwenyewe jinsi watu walivyojitoa. Watu wakaitikia. Nilimtafuta Bibi kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye godoro langu, ameegemea ukuta, anaangalia miguu ya wageni.

Tulizika. Siku ya kutawanyika watu walichukua vitu vyao kama kawaida. Mchana kilibaki chumba kama kilivyokuwa zamani, kigoda, gunia, masufuria mawili, na daftari za shule zikiwa zimepangwa kwenye boksi. Nilibaki mimi na viti vyangu viwili. Bibi aliinuka, akakigeuza kimoja kutazama chini, akaliona lile doa jekundu, akanisogezea. Akafanya hivyo na cha pili. Halafu akanipa chupa ya chai, ameisuuza.

Nilitaka kumwambia nisamehe. Nilikuwa nimelipanga hilo tangu msibani, maneno na kila kitu. Yeye alikuwa anakitazama chumba, polepole, kuta zote nne, sakafu, ule ufa.

"Waambie wale wageni wa Alhamisi waje sasa," akasema.

Hakupandisha sauti. Nikatia ile chupa kwapani, nikapachika kiti kimoja juu ya kingine, nikavibeba kichwani nikatoka. Jirani wa bluu aliniona njiani akaniuliza kama vimebaki vizima. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi nisiviingize ndani, kwa sababu nyumba ya kona walikuwa na kipaimara Jumapili na walikuwa wameshaviomba.